Kabla ya Kuuliza Hadithi Inatufundisha Nini

(Hotuba ya mwalimu wa Kiswahili mbele ya walimu na wazazi, siku ya wazazi katika shule moja ya msingi mkoani Tanga. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, pamoja nanyi wanafunzi mliokaa mikekani hapa mbele: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuwajulisha watoto tanzu mbalimbali za fasihi. Nimepewa dakika ishirini, nami nitatumia mbili za kwanza kukiri kosa langu, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yametokana nalo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Darasa la Tatu. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, niliwasomea wanafunzi hadithi, na kila nilipofunga kitabu niliuliza swali ambalo sote tuliomo humu tuliulizwa tulipokuwa wadogo: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Ijumaa moja niliingia darasani, nikaketi, nikafungua kitabu kipya, na kabla sijasoma hata kichwa chake, mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole, akasimama wima, akasema: "Inatufundisha tusiwe wavivu na tuwatii wazazi wetu." Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Jioni nilipokuwa peke yangu kicheko kile kiliniisha. Mtoto yule hakuwa mtundu. Alikuwa ameuelewa mchezo wangu kuliko nilivyouelewa mimi mwenyewe: alijua kwamba hadithi zote za mwalimu huyu huishia mahali pamoja, basi ya nini kusumbuka na safari?

Sisemi kwamba adili ni jambo baya. Ngano nyingi tulizorithi zina mafunzo, na mzazi anayetaka mwanawe awe na adabu hana kosa. Lakini swali lile linaufaa utanzu mmoja tu, na hata huo haliufai kila siku. Ukilipeleka kwenye kitendawili linakuwa kichekesho. Ukilipeleka kwenye wimbo wa kumbembeleza mtoto alale, utamwamsha. Kila utanzu una kazi unayomdai msikilizaji wake, na kazi hizo hazifanani. Ninachotaka kuwaomba leo ni kwamba mtoto autambue utanzu kwanza kwa kazi hiyo, aifanye kwa masikio, kwa mdomo na kwa mikono yake, ndipo baadaye tumpe jina la kuliandika kwenye daftari. Sisi tumezoea kuanza na jina. Tunaandika ubaoni "Tanzu za Fasihi Simulizi", tunachora matawi kama ya mwembe, mtoto anakariri, anapata alama zake, na pengine anamaliza shule bila kutegewa kitendawili hata kimoja na mtu mzima anayetaka kweli kumshinda.

Basi nianze na hicho kitendawili, kwa kuwa ndicho mlango mwepesi kuliko yote na hakihitaji kitabu, taa wala ada. Mtegaji husema "Kitendawili!", naye mteguaji hujibu "Tega!" Ninyi wenyewe mnajua kinachofuata: "Nyumba yangu haina mlango", na jibu ni yai. Akishindwa hudaiwa mji. Anatoa Lushoto, mtegaji anaukataa. Anatoa Pangani, unakataliwa. Mpaka atoe mji ambao mwenzake atapenda kwenda, ndipo afumbuliwe. Tazameni mambo yaliyomo katika mchezo huo mdogo. Mtoto anasubiri zamu, anashindwa mbele ya watu na kulipa bila kununa, anataja miji ya nchi yake bila kuambiwa kwamba hilo ni somo la Jiografia, na juu ya hayo yote analazimika kukitazama kitu alichokizoea kana kwamba hajawahi kukiona.

Kosa letu ni kuvifanya vitendawili kuwa orodha ya majibu ya kukariri. Mtoto anayejua vitendawili mia moja vya bibi yake ana hazina, lakini hajaujua utanzu mpaka atunge chake. Mwaka jana niliwaomba wanafunzi wa Darasa la Nne kila mmoja atunge kitendawili kuhusu kitu kilichomo nyumbani kwao. Wengi walirudi na yai na kivuli, ambavyo si vyao. Msichana mmoja alikuja na hiki: "Mlinzi wetu hali wali, hula namba ishirini." Walimu wote wa ofisini tulitoa miji yetu, mimi nilitoa Tanga nzima, na hatukupata. Jibu lake lilikuwa mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mtoto huyo alikuwa amemwona mama yake mara nyingi akiwa gizani, simu mkononi, akiingiza tarakimu moja moja mpaka zitimie ishirini, na kutokana na usiku ule wa kero akapata fasihi.

Kutoka hapo tuende kwenye hadithi, ambako ninaomba tutulie kidogo, maana tunasema "hadithi" kana kwamba ni kitu kimoja. Msimuliaji anaposema "Hadithi! Hadithi!" na watoto wakaitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea", pale pamefungwa mkataba. Mkubwa ametangaza hadharani kwamba uwongo unakuja, na wadogo wameukaribisha. Ndiyo maana hakuna mtoto anayeuliza fisi alijifunza wapi kusema. Wengine huanza kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", lakini kazi ni ile ile: kuwahamisha watu wote kutoka barazani kwenda huko kwingine. Nawasihi walimu wenzangu tusikiruke kianzio kwa kuogopa kupoteza muda. Mtoto aliyezoea kianzio huanza kutambua, bila kufundishwa, kwamba kuna masimulizi yasiyoanza hivyo, na kwamba hayo huombwa kusadikiwa kwa namna nyingine.

Katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na mmisionari Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870, imo ile ya kima na papa, ambayo bado inasimuliwa barazani hadi leo. Papa anamchukua kima mgongoni ili wakamtoe moyo wake, naye kima anadai kwamba moyo ameuacha mtini. Akisharudi salama juu ya mti wake, papa anamwita tena, na kima anamkatalia kwa kumsimulia kisa cha punda wa dobi. Watoto hukipenda kisa hicho cha pili, lakini kinachowashangaza zaidi ni kwamba mnyama aliyemo ndani ya hadithi naye ni msimuliaji. Nimepata kumsikia mtoto akisema, "Mwalimu, hadithi imezaa." Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi ya jambo hilo katika kitabu chochote cha nadharia.

Visa vya Abunuwasi ni vya namna nyingine. Huyu alikuwa mshairi wa kweli, aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, na alipofika kwenye masimulizi ya pwani yetu akageuka kuwa mjanja wa mtaani anayewashinda wafalme na matajiri. Hapa hakuna mtoto mtiifu anayezawadiwa. Abunuwasi anadanganya, na anashinda, na sisi tunafurahi. Wapo walimu wanaovikwepa visa hivi kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nadhani mtoto anayeweza kucheka mwenye nguvu anapozidiwa akili amefanya kazi ambayo utanzu huo ulikuwa ukimdai, na wala hajaharibika.

Lakini masimulizi ninayoyapenda kuliko yote kwa kazi hii ni ya Fumo Liyongo, kwa sababu ndani ya tukio moja mna tanzu kadhaa zinazoshikana mikono. Mnakumbuka: Liyongo, shujaa na mshairi, amefungwa gerezani na mfalme wa Pate. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, na walinzi wanakinyang'anya kile kizuri na kukila wao. Ndipo Liyongo anaimba shairi mbele ya walinzi wenyewe, akimtuma kijakazi kwa mama yake, amwambie aoke mkate na kuweka tupa ndani yake. Mama anaoka mkate mkubwa wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Baadaye ngoma ya gungu inapopigwa na watu wanaimba na kupiga makofi, Liyongo anakata pingu kwa tupa ile, na kelele za ngoma zinaifunika sauti ya chuma.

Nilipowasimulia wanafunzi kisa hiki hawakupiga kelele kama wanavyofanya kwa sungura. Walikaa kimya, kisha mmoja akauliza, "Hii ni ya kweli?" Ningeweza kusema kwamba visakale huchanganya historia na ubunifu, jambo ambalo ni sahihi, lakini niliwauliza wao wanadhaniaje, na mjadala ukachukua kipindi kizima. Wengine walisema alikuwepo, kwa kuwa Pate ipo. Mmoja akasema mkate ulikuwepo ila ngoma imeongezwa utamu. Hiyo ndiyo kazi ya kisakale: kumfanya msikilizaji apime.

Wiki iliyofuata tuligeuza kisa hicho kuwa mchezo wa kuigiza, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikulipata chuoni. Tuligawana nafasi: Liyongo, mama, kijakazi, walinzi wawili, na wapiga ngoma wote waliobaki. Tulipofika kwenye mkate, mtoto aliyekuwa kijakazi alimkabidhi Liyongo, Liyongo akaupokea, na mchezo ukaendelea. Msichana aliyekuwa akitazama akasimama na kupinga: "Sasa watu watajuaje kwamba ule mkate ni wa wishwa?" Katika hadithi msimuliaji alikuwa ameshatuambia. Katika mchezo msimuliaji hayupo. Wanafunzi walishauriana, wakajaribu kuupaka mkate vumbi la chaki, haikuonekana kwa mbali, na mwishowe mlinzi wa kwanza akaushika, akaunusa, akakunja uso na kusema: "Aah, wishwa! Mpelekee mwenyewe." Maneno manne, na tamthilia ikazaliwa. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuwaandikia ubaoni tofauti ya hadithi na tamthilia, kwa maana walikuwa wameigusa wenyewe, mahali ilipowakwama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niseme sasa habari ya ushairi, utanzu ambao walimu wengi tunauogopa na kwa hiyo tunawaogopesha watoto. Ni ajabu, kwa kuwa ndio wa kwanza kabisa kumfikia binadamu: kabla mtoto hajajua neno moja ameshaimbiwa. Pwani hii wazazi wamezungumza na watoto wao kwa beti kwa muda mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi katikati ya karne ya 19, na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa kwetu Tanga mwaka 1909, naye alimtungia binti yake utenzi. Leo mzazi akitaka kumwasa mwanawe humtumia ujumbe wa sauti. Simlaumu, ila namkumbusha.

Shuleni tunaanza na istilahi: mizani, vina, mshororo, ukwapi, utao, kibwagizo. Mimi naanza na makofi. Kila silabi kofi moja, nane, pumzi, nane tena. Siku moja embe lilianguka kwenye bati la darasa kwa kishindo, nasi tukaamua kulitungia ubeti. Mtoto wa kwanza alitoa "Embe limeanguka chini." Tukapiga makofi, yakatoka tisa. Darasa lilisikia kofi moja limezidi, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Wakajaribu kulipunguza, wakaondoa "chini", wakakosa kina, mpaka mmoja aliyelelewa na bibi yake akasema, "Embe laanguka chini." Makofi manane. Hakujua kwamba amefanya kitu ambacho washairi wetu wamekifanya kwa karne nyingi. Alijua tu kwamba bibi husema hivyo. Ubeti uliomalizika jioni ile ni huu:

Embe laanguka chini, watoto wakimbilia,
Nani kaliona, nani, nani wa kujitwalia,
Juma kaliweka ndani, ya shati akatulia,
Juma shati lina nini, mbona linatunukia?

Naomba mtambue kwamba ubeti huu haufundishi lolote. Juma hakuadhibiwa. Embe liliwanukia, makofi yalitimia nane kwa nane, na watoto waliuimba wakitoka getini hadi kituo cha daladala.

Wapo watakaouliza juu ya mashairi huru yasiyo na vina wala mizani. Wakubwa waligombana sana juu ya hayo katika miaka ya 1970, wengine wakisema si mashairi hata kidogo. Watoto hawana ugomvi huo. Wape ya aina zote mbili; wakishajua kupiga makofi watasikia wenyewe pale mshairi alipoyaacha makusudi.

Na ngonjera? Utanzu huu, ambao marehemu Mathias Mnyampala aliusukuma sana na ambao ulienea shuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiini chake ni watu wawili wanaopingana kwa beti mpaka mmoja amridhishe mwenzake. Siku hizi ngonjera nyingi za shule zinamkaribisha mgeni rasmi na kumweleza kwamba tuna upungufu wa madawati. Samahani, Mheshimiwa, upungufu tunao kweli. Ila watoto wote jukwaani wanakuwa upande mmoja, na pasipo mabishano ngonjera inakuwa risala yenye vina. Tuwape jambo wanalobishania kwa dhati, kama vile nani akae dirishani kwenye gari, nanyi mtaona.

Kitabu kirefu nacho kina siri yake, nayo ni kungoja. Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kusomewa riwaya fupi, sura moja kwa siku, dakika kumi kabla ya kengele, na mwalimu anyamaze pale pale mambo yanapowaka. Hakuna utanzu mwingine unaoweza kumfanya mtoto aamke asubuhi akiwa na deni la jana. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, jaribuni.

Nisiwasahau watoto wasiopenda hadithi kabisa. Wapo, na si wavivu. Nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa mvuvi, aliyekuwa akisinzia nikisoma ngano, lakini alishika kijitabu kimoja kuhusu pweza mpaka jalada likang'oka, na alikuja kunieleza kwamba pweza ana mioyo mitatu, akiwa na uso wa mtu aliyegundua jambo hilo yeye mwenyewe. Maandishi ya habari za kweli, ya safari, ya maisha ya watu, hata vibonzo ambavyo wengi wetu tunavinyang'anya na kuvifungia kabatini, ni milango pia. Shaaban Robert mwenyewe hakukaa mlango mmoja: aliandika mashairi, tenzi, insha, riwaya, maisha ya Siti binti Saad, na maisha yake mwenyewe.

Najua mtu amekaa hapo akisema moyoni, vitabu viko wapi? Tangu mwaka 2015 madarasa ya chini yamekazia kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni sawa, lakini mtoto akishajua kusoma anahitaji kitu cha kusoma. Upo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991 na umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa. Ipo maktaba ya mkoa hapa mjini. Na kwa wenye simu kubwa, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za kusoma bila malipo. Lakini nusu ya niliyoyataja leo hayana karatasi. Katika darasa letu tuna daftari moja kubwa la kaunta, mmoja huandika vitendawili vya wenzake, mwingine beti, mwingine visa alivyosimuliwa nyumbani. Limechakaa, lina alama za mafuta ya mihogo, na linaazimwa kuliko kitabu chochote cha kabatini.

Kwa wazazi ninaomba jambo moja. Mtoto anapokusimulia hadithi usimkatize kumsahihisha matamshi, na ikiwa huwezi kumsomea kwa sababu yoyote ile, mtegee kitendawili mkiwa mnachambua mchele. Akishindwa, mdai mji. Ukishindwa wewe, lipa.

Yule mvulana wa dawati la nyuma sasa yuko sekondari. Kabla hajaondoka kwenye darasa langu nilisoma hadithi moja ya fisi nikafunga kitabu bila kuuliza chochote. Walinitazama, wakangoja swali, halikuja. Baada ya kitambo ndiye aliyenyoosha kidole. "Mwalimu," akasema, "na yule fisi, usiku ule alilala wapi?" Sikuwa na jibu, kitabu hakikusema. Darasa likatoa majibu manne kabla ya kengele, na moja lilikuwa zuri kuliko hadithi yenyewe.

Dakika zangu zimekwisha. Wanafunzi wa Darasa la Nne watatuonyesha sasa kile kipande cha Liyongo na mkate. Mlinzi wa pili ana homa tangu jana, kwa hiyo nafasi yake itachukuliwa na Mwalimu wa Hisabati, ambaye ameukariri mstari wake tangu asubuhi. Karibuni.